Zeituni Zilizolipia Ndege

Kitu cha kwanza nilichokiona ni zeituni moja iliyochubuka. Ilikuwa juu kabisa ya kikapu changu, ina doa la kahawia ubavuni lisilozidi ukucha wa mtoto. Eulogio, nyapara wetu, aliinama akaitazama. Nikasimama nikisubiri matusi yangu, kwa sababu Eulogio na zeituni iliyochubuka ni kama mama mkwe na vumbi: haimpiti. Msimu uliotangulia alimfuata binamu yangu mstari mzima wa miti, ameshika zeituni moja kiganjani, akimuuliza kama kwao watoto huogeshwa kwa mateke. Lakini asubuhi ile ya Oktoba aliitazama tu, akashusha pumzi, akasema, "Mwaga kwenye kreti," kisha akaenda kwa mwingine, ambaye naye hakumgombeza.

Nikamwaga. Sikumwambia mtu. Mimi hata salamu hunichukua muda kuitoa, na nikishakuwa tayari, mwenyewe keshapita. Lakini nilijua kuna kitu kimeharibika mahali, na si kwenye kikapu changu.

Zeituni zetu zilikuwa za mezani, si za mafuta. Huchumwa zingali kijani, kwa mkono, kwa kukamua tawi kama unayemkamua mbuzi mwenye hasira, na huangukia kwenye kikapu ulichokivaa shingoni. Zikigongana huota madoa, na yenye doa Marekani haitakiwi. Karibu zeituni zote za don Leandro, mwenye shamba, zilikuwa zikienda huko. Tuliambiwa kwamba Wamarekani huitumbukiza moja moja kwenye glasi ya pombe kali, na kwamba wengi wakishamaliza pombe huiacha zeituni humo humo. Kwa hiyo kazi ya ukoo wetu, tangu kwa bibi yangu, ilikuwa kuulinda uzuri wa tunda lisiloliwa. Hatukulalamika. Wapo watu wanaolinda bendera.

Wakati wa chakula, shangazi Trini, ambaye ndiye aliyenilea na ndiye mdomo wa familia nzima, alijisogeza karibu na Eulogio, akamkatia kipande cha mayai ya viazi aliyoyapika alfajiri, akaanza kumchimba. Haikuchukua muda. Eulogio alisema Wamarekani wameshinda kesi.

"Kesi ya nini?"

"Ya ndege."

"Na sisi tunaingiaje?"

"Sisi ndio faini."

Akaeleza huku anatafuna. Kwamba serikali nne za Ulaya, ya kwetu Hispania ikiwamo, zilikuwa zimekipa kiwanda cha ndege cha Ulaya mikopo ya kirafiki miaka nenda rudi, mikopo ya aina ambayo mtu kama Eulogio akienda benki kuiomba huonyeshwa mlango. Kwamba Wamarekani, wenye kiwanda chao cha ndege, walikwenda Geneva, kwenye shirika la biashara la dunia, kulia kwamba huo si uungwana, kiwanda kisimame kwa miguu yake. Wao chao hawakipi mikopo, Mungu apishe mbali. Wao hukisamehe kodi, na hiyo ni kesi nyingine, bado inasikilizwa. Waamuzi wa Geneva wakakaa miaka kumi na mitano wakisoma. Kuna watoto wamezaliwa, wakasoma, wakaota ndevu, kesi bado iko mezani. Hatimaye wakasema: kweli, Ulaya imekosa, Marekani iadhibu inachotaka.

Marekani ikatazama huku na huku itafute cha kuadhibu. Ndege za Ulaya ikaziwekea ushuru wa asilimia kumi, maana ndege inazihitaji. Zeituni za kijani ikaziwekea asilimia ishirini na tano.

"Hebu ngoja," alisema shangazi Trini. "Yaani mume wa jirani akivunja viti vya baa, polisi wanakuja kunikamata mimi?"

"Wewe huna wakili," Eulogio akamjibu.

Mtu mmoja akauliza na Waitaliano je, wao wana zeituni na mafuta mpaka ya kuogea. Eulogio akasema mafuta ya Waitaliano hayakuguswa, kwa kuwa Italia haimo kwenye zile serikali nne. Tukawaonea wivu Waitaliano kwa kutokujua kutengeneza ndege. Mwaka uliotangulia Wamarekani walikuwa wamezitoza zeituni nyeusi, kwa sababu wakulima wa zeituni hupewa ruzuku. Sasa wanazitoza za kijani kwa sababu watengeneza ndege hupewa ruzuku. Nilijiuliza ni nani mwingine nchini anayepewa ruzuku, ili tujue ni zeituni ya rangi gani itafuata, lakini nadhani rangi zilikuwa zimekwisha.

Kisha Eulogio akatuambia lile lililokuwa limemnyima nguvu ya kutukana. Kampuni moja ya umeme wa jua ilikuwa inakitaka kilima cha don Leandro. Mizeituni ing'olewe, zipandwe paneli. Don Leandro alikuwa amewaambia watapata jibu mavuno yakiisha.

Hapo hakuna aliyecheka. Sisi ni Wagitano, Waroma wa Hispania, watu wa kufuata mavuno: zeituni kwa don Leandro, kisha stroberi za Huelva, kisha zabibu za Ufaransa. Shule niliipitia kama mtu anavyopita kituo cha basi. Mwaka wetu ulianzia pale kilimani. Mashamba mengine ya karibu yalikwisha kununua mashine inayoukumbatia mti na kuutikisa mpaka uombe msamaha, na mashine haina haja na shangazi Trini. Tena siku za kazi za pale ndizo zilizotuwezesha kupata posho ya serikali majira ya baridi. Ndiyo, hata sisi. Kila mtu nchini kwetu ana ruzuku yake na ana maoni makali juu ya ruzuku ya mwenzake.

Don Leandro hakuwa mtu mbaya. Baba yake aliipanda ile miti kwa mkono, na yeye aliijua kama mwalimu anavyowajua wanafunzi: huyu mvivu, huyu ana mwaka wake. Mkewe alikuwa amefariki. Jumapili nilikuwa nikienda kusafisha nyumba yake na kusaidia jikoni, na Jumapili hizo ndizo mwanawe wa pekee, Gonzalo, alizokuja kula. Gonzalo alikuwa mhandisi. Alikuwa mhandisi wa kiwanda cha ndege, kile kilicho nje ya Sevilla.

Sasa fikiria meza hiyo. Huku baba, ambaye zeituni zake zinachapwa kwa ajili ya ndege. Huku mwana, ambaye mshahara wake unatoka kwenye ndege. Katikati bakuli la zeituni.

Jumapili iliyofuata habari ile, Gonzalo alijitahidi kueleza, kwa sauti ya upole wanayoitumia madaktari. Alisema kiwanda chao cha Sevilla huunganisha ndege za kijeshi za kubebea mizigo. Kesi ilihusu ndege kubwa za abiria, nazo huunganishwa Ufaransa na Ujerumani. Don Leandro akasema ndege ni ndege. Gonzalo akasema basi na mbuzi ni ng'ombe. Don Leandro akaweka uma chini, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo neno ndege lisitajwe mezani kwake.

"Sasa kazi yangu niiteje?" Gonzalo aliuliza.

"Iite kazi."

Wakaendelea kula wali. Na kwa kuwa nyumba ile iko chini ya njia ya kuelekea uwanja wa Sevilla, ndege moja ikapita, chini kabisa, glasi zikatikisika kabatini. Wote wawili wakatazama sahani zao mpaka ikatokomea. Nilikuwa mlangoni na sufuria, nikaona bora nirudi jikoni.

Wiki ile wakulima walikutana kwenye baa ya chama chao cha ushirika. Mimi sikuwapo, lakini binamu yangu huosha glasi pale, kwa hiyo ni kama tulikuwapo wote. Nusu yao walitaka kwenda Madrid kuiambia serikali uso kwa uso. Nusu nyingine wakasema Madrid ni mbali na zeituni haziwezi kungoja mtini. Mmoja akapendekeza ubalozi wa Marekani, akaambiwa na huo uko Madrid. Mwishowe wakaafikiana waende kwenye kiwanda cha ndege cha Sevilla wakamwage zeituni getini, kwa sababu kilikuwa karibu na mtu angewahi kurudi kwa chakula cha mchana. Kwamba kiwanda hicho hakitengenezi zile ndege zenyewe, don Leandro alilijua vizuri, alikuwa ameelezwa mezani kwake. Hakulisema. Nadhani alikuwa anatimiza ahadi yake ya kutolitaja lile neno.

Kilimani alitukusanya. Alisema tukienda wengi, na televisheni ikaja, serikali itaona aibu, na ikiona aibu itatoa fidia kwa wakulima.

"Fidia si ndiyo ruzuku?" aliuliza shangazi Trini.

"Si ruzuku. Ni fidia."

"Na Wamarekani wataijua tofauti?"

Don Leandro alivua kofia akajifuta kipara. "Trini, fidia ikija, hawa watu wa sola nawafukuza na mbwa. Kilima kinabaki. Mnakuja au hamji?"

Tulikwenda. Ungemwona alivyosema kinabaki, nawe ungekwenda. Hakuna aliyesikiliza nusu ya kwanza ya hesabu, ile isemayo kwamba tumeadhibiwa kwa sababu ya ruzuku na sasa tunakwenda kudai ruzuku ili tustahimili adhabu. Mimi niliisikia, lakini hakuna aliyeniuliza, na basi lilikuwa linaondoka.

Matrekta yalifika getini mapema, kila moja na tela lake. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba hawa si watu wa kufanya maandamano. Walinzi wa geti walikuwa vijana wa kijiji chetu. Badala ya kutufukuza walimwamkia don Leandro, wakamwonyesha mahali penye kivuli pa kuegesha. Wakulima nao, ilipofika saa ya kumwaga, ikadhihirika kwamba hakuna aliyeleta mzigo wa maana. Mmoja alileta zile za mwaka jana zilizoharibika pipani. Mwingine alileta majani mengi na zeituni za kuhesabika. Mwingine alikuwa amekopa kreti mbili kwa shemeji na aliahidi kuzirudisha zikiwa na vitu ndani. Ni don Leandro peke yake aliyeleta tela zima la daraja la kwanza, zilizochumwa jana yake na mikono yetu, kijani kibichi, hazina hata doa. Alisema kama ni aibu, iwe aibu ya kweli.

Mwandishi wa televisheni akajiweka sawa, tela likainuliwa, zeituni zikamwagika.

Hujawahi kusikia sauti hiyo. Ni kama mvua ya mawe juu ya bati, halafu ghafla ni kama watu wengi wanaoondoka kwa miguu mitupu. Zilitapakaa barabara nzima, zikabingirika mpaka kwenye buti za walinzi. Wafanyakazi wa kiwanda walijaa upande wa pili wa uzio kutazama. Wakulima wakatazamana, kwa kuwa hawakuwa wamepanga kitu baada ya hapo.

Lori la vipuri likaja, likapunguza mwendo, dereva akachungulia. Mlinzi akamwashiria apite tu taratibu. Gurudumu la mbele likagusa zeituni za kwanza, tukazisikia zinapasuka.

Shangazi Trini akainama.

Nilimwona, kwa kuwa nilikuwa nyuma yake. Hakuamua. Mgongo wake ndio ulioamua. Tangu utotoni ametukanwa kwa zeituni moja iliyobaki chini ya mti, na sasa ziko maelfu chini na gari linakuja. Aliinama, akazikumba kwa mikono miwili, akazitia kwenye kikapu cha shingoni, maana sote tulikuwa tumevaa vya kwetu ili tupendeze kwenye televisheni. Binamu yangu akainama. Mimi nikainama. Kufumba na kufumbua watu thelathini na ushee tulikuwa tumepiga magoti kwenye lami tukiokota, mistari imenyooka, kila mtu na mstari wake, na dereva amezima injini anatusubiri.

Na Eulogio, ambaye kwa wiki nzima hakuwa amefungua kinywa kutukana, akarudiwa na uhai. "Taratibu," alisema akipita nyuma yetu. "Taratibu, mnazichubua. Wewe, hiyo ni zeituni au ni jiwe la kumpigia mbwa?"

Don Leandro alikuja mbio akituambia tuache, tuache, haya ni maandamano. Shangazi Trini alimjibu bila kuinua kichwa kwamba maandamano yaendelee tu, sisi hatuwazuii.

Mwandishi wa televisheni hakujua aseme nini. Jioni tuliona alichosema: kwamba wakulima wa zeituni walifunga barabara ya kiwanda kwa amani, kisha wakaisafisha wenyewe, mfano wa kuigwa. Wafanyakazi wa kiwanda walitupigia makofi. Walikuwa na sababu. Uongozi ulikuwa umekwisha kutangaza kwamba kwa sababu ya barabara kufungwa, zamu ya asubuhi inapumzika na itahesabiwa kuwa imefanya kazi. Wakatoka kwa furaha, wakaenda kwenye baa ya jirani, ambako, binamu yangu mwingine aliniambia, waliagiza bia na vibakuli vya zeituni. Sisi tuliokuja kuwaadhibu tulikuwa chini tunaokota, na siku ile kwetu haikuhesabiwa kuwa kazi.

Gonzalo alitoka wa mwisho. Alikuwa na kofia ngumu mkononi na kitambulisho kinaning'inia kifuani. Alikuja moja kwa moja kwa baba yake, na walisimama karibu sana na mstari wangu. Watu husema mengi karibu yangu. Nadhani huniona kama kiti.

"Baba, umekuja kufunga kiwanda changu."

"Nimekuja kuwaambia wakubwa zako kwamba wao wamekula ruzuku na mimi ndiye ninayelipa."

"Na wewe unakula. Kila Desemba Brussels wanakutumia."

"Hiyo ni tofauti."

"Tofauti gani?"

"Hiyo ni yangu."

Gonzalo alicheka, na kwa muda don Leandro naye alikuwa karibu kucheka. Kisha Gonzalo akachuchumaa, akaiweka ile kofia ngumu chini kama bakuli, akaanza kuokota na sisi. Alikuwa amesahau namna yake. Aliziokota moja moja, kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota sindano. Baba yake alimtazama, na niliona uso wake unalainika, na nikajua anachokiona: anamwona mtoto wa miaka saba aliyekuwa akija naye kilimani. Akasema, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, kwamba zilizopita chini ya gurudumu aziache.

Gonzalo akaendelea kuokota. Ndipo akasema, anatazama lami:

"Wape watu wa sola kilima, baba."

Don Leandro akasogeza zeituni moja kwa ncha ya kiatu.

"Hata Wamarekani wakiondoa ushuru kesho. Hata ukipewa hiyo fidia. Mimi sitarudi kilimani. Si mwaka huu, si nikistaafu. Nilipaswa kukuambia siku nyingi."

"Nani amekuambia urudi?"

"Hakuna. Ndiyo maana nasema."

Don Leandro aliinua macho. Alitutazama sisi, mstari hadi mstari, migongo yote ile. Nilidhani atasema kitu. Nilidhani atauliza kitu. Akavaa kofia yake akaenda kuligeuza trekta.

Baada ya hapo zilibaki siku chache za kuchuma. Mkubwa mmoja wa serikali ya jimbo alisema kwenye redio kwamba suala la zeituni linafanyiwa uchunguzi wa kina, na Eulogio akaizima redio. Zeituni tulizochuma, pamoja na zile za lami, zilikwenda kukamuliwa mafuta. Mafuta nayo yalikuwa yamewekewa ushuru ule ule, lakini angalau hayana doa.

Siku ya mwisho ya mavuno, mwenye shamba huwapikia wachumaji. Pale kwetu ilikuwa wali wa sungura, kwenye sufuria pana kama gurudumu, na don Leandro alipakua mwenyewe. Kulikuwa na desturi yake, ya tangu kwa baba yake. Kabla ya kupakua sahani ya kwanza, anapiga mwiko ukingoni mwa sufuria, anauliza, "Mwakani?" Nasi wote tunajibu, "Tukiwa hai." Basi. Ndiyo mkataba wetu wote. Sijawahi kuona mwingine. Hata mimi hujibu, kwa kuwa ukijibu na watu thelathini hakuna anayekusikia.

Mwaka ule alipakua sahani ya kwanza bila kupiga mwiko. Akampa shangazi Trini, ambaye kwa umri ndiye hutangulia. Shangazi alibaki amesimama na sahani yake, kama mtu anayengoja chenji dukani.

"Kula, Trini, wali unapoa."

"Hujasahau kitu, don Leandro?"

Alikoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Chumvi?"

Shangazi Trini alionja. Alitafuna polepole sana. "Chumvi ipo," alisema, akaenda kukaa.

Tukajua. Tulikula wote, tukasema ni mtamu, na ulikuwa mtamu kweli. Eulogio alikunywa mvinyo mpaka akamsifia binamu yangu mikono yake, jambo lililomtisha binamu yangu. Don Leandro alipakua mara ya pili na ya tatu, akitulazimisha, kama mtu anayetaka sufuria isifike chini.

Miti iling'olewa Januari. Nimesikia mashine ilimaliza kwa siku chache tu, na kwamba mingine ilikataa kung'oka mizizi, wakalazimika kuifunga minyororo. Sasa kilima kina paneli, zimepangwa mistari kama sisi, zinatazama kusini, na hakuna wa kuzigombeza. Kampuni ile ilipata ruzuku ya Ulaya kwa kuzijenga. Sikushangaa. Ningeshangaa ingekosa.

Mwaka uliofuata waamuzi wa Geneva wakaimaliza ile kesi nyingine, wakasema kumbe na Marekani imekosa. Ulaya ikafurahi, ikapata haki ya kuadhibu na yenyewe, ikaweka ushuru, kati ya vitu vingine, kwenye viazi vitamu. Nilipoisikia hiyo nilikuwa nimeinamia stroberi, nikamfikiria msichana fulani huko Marekani, ameinamia viazi, anamuuliza shangazi yake ndege ni kitu gani. Halafu ukaja mwaka mwingine na wakubwa wa pande mbili wakapatana. Niliwaona kwenye televisheni wakitabasamu. Walisema ushuru unasimamishwa kwa miaka kadhaa ili watu watulie wazungumze. Zeituni za kijani zikawa huru kwenda Marekani. Zilizobaki.

Don Leandro bado yu hai, na mimi bado nasafisha nyumba yake Jumapili. Gonzalo huja kula, na siku hizi wanazungumza habari za ndege, kwa kuwa hakuna tena kinachouma. Zeituni za mezani hununua dukani, kwenye kopo. Juzi don Leandro alinyanyua moja kwa uma, akaigeuza kwenye mwanga, akasema, si kwangu hasa, kwamba mwisho wa yote kisa hakikuwa Marekani. Kwamba mtu hawezi kuitunza miti mia na mia kama hakuna hata mmoja atakayerudi. Nilikuwa nafuta meza. Nikafuta palepale mara ya pili, kisha nikachukua bakuli nikaenda nalo jikoni.

Ulikuwa umesimama mbele yetu barabarani, don Leandro, unamtafuta mtu wa kurudi. Tulikuwa thelathini na ushee, tumeinama miguuni pako. Hukutuuliza pale, na hukutuuliza penye wali. Basi nakujibu bila kuulizwa. Tungerudi. Hata bila Marekani, hata bila Gonzalo, kuchumia mafuta, kuchumia ndege wa angani wale wenye manyoya. Tungerudi.